«Kuko bengi inje»: sentensi moja inayotawala ajansi za kazi

Bandugu, kuko sentensi moja ambayo kila mtu aliyetumika mu ajansi ya kuajiri watu hapa Lubumbashi anaijua kwa moyo. Ni maneno matatu tu: «Kuko bengi inje.» Haisemwi kila siku. Siku zingine inaonyeshwa tu kwa kidevu, kuelekea mlango, pale vijana wenye bahasha za kaki wanasimama tangu mapema asubuhi. Lakini ukitaka kuelewa namna watu wanaishi kazini mu nyumba zile, usianze na picha za keki ya anniversaire zinazobandikwa ukutani. Anza na hii sentensi. Mengine yote yanatoka pale.

Mimi ni mtu wa agronomi. Kisha lisansi nilitumika miezi kumi na moja mu ajansi moja ya hapa mjini. Jina lake sitalitaja, maana sitafuti kulipiza, na tena wengi wenu mutaona ni ajansi yenu munayoijua. Kazi yangu ilikuwa kupokea ma-dosie, kuyachambua, kupanga majina mu Excel, kuita watu kwa simu, na wakati client anamukataa mtu, kumwambia. Nilijifunza mambo pale. Nilikutana na wenzangu wazuri sana. Mshahara ulikuwa unachelewa, lakini ulikuwa unafika. Basi hii si barua ya hasira. Nataka tu tusome vizuri maneno yanayotumika mu zile biro, kwa sababu sisi watu wa diplome tunayameza haraka.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Ajansi hizi zina biashara mbili. Ya kwanza: sosiete inatafuta mtu, ajansi inamutafuta, inalipwa, mambo yanaisha. Ya pili njo kubwa zaidi upande wetu wa migodi: mtu anatumika ku mugodi kila siku, anavaa kofia ya mugodi, anapewa amri na chef wa mugodi, lakini jina lake liko ku liste ya mishahara ya ajansi. Mugodi unalipa ajansi, ajansi inatosha sehemu yake, inayobaki inamufikia mtu. Hii si jambo dogo la pembeni. Mwezi wa kumi na moja 2021, shirika la RAID la Uingereza na CAJJ, wanasheria wa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti: 57% ya wafanyakazi walikuwa wameajiriwa kupitia sosiete za sous-traitance. Zaidi ya nusu. Kwa hiyo tabia ya ajansi za kati si habari ya biro fulani ya mjini. Njo namna nusu ya mkoa inakutana na neno «kazi».

Sasa tusome maneno.

Neno la kwanza ni «famille». Siku yangu ya kwanza waliniambia: «Hapa tuko famille.» Na kweli, mu ile biro kulikuwa mambo ya famille. Mwenzetu alipofiwa na mama, tulichanga pesa, tukaenda ku matanga sisi wote. Siku ya posho wakati mwingine tulikula bukari pamoja. Hayo sitayacheka, yalikuwa ya kweli. Lakini angalieni neno linafanya kazi gani wakati wa kazi. Ukiombwa kubaki mpaka usiku kumaliza liste ya client, na ukauliza zile saa zitalipwa namna gani, jibu halikuwa «hapana». Jibu lilikuwa: «Mu famille, batu habahesabuake.» Mu famille watu hawahesabiane. Sawa. Lakini sisi tulihesabiwa. Ukutani kulikuwa karatasi kubwa yenye majina yetu na idadi ya ma-dosie kila mtu alichambua kwa siku, yenye rangi ya kijani kwa aliyefika ku namba na nyekundu kwa aliyeshindwa. Famille gani inabandika watoto ukutani kwa rangi?

Hapo njo nilianza kuelewa. Neno «famille» lilikuwa linafika kila mara pale tungeuliza swali la haki. Siku zingine halikuonekana. Na siku ambayo mtu alifukuzwa, famille haikumwita hata kumuaga. Mwenzangu mmoja, dada aliyesoma droit, alijua amefukuzwa wakati aliona ametoshwa mu groupe ya WhatsApp ya kazi. Ilikuwa siku ya Yenga jioni. Barua ilikuja siku tatu kisha. Aliniita kwa simu akaniambia tu: «Bamenitosha mu groupe.» Hakuhitaji kumaliza sentensi. Kesho yake asubuhi, ku meza yake kulikuwa kijana mwingine, mwenye bahasha ya kaki, na yeye pia aliambiwa hapa tuko famille.

Neno la pili ni «pression». Mu matangazo yote ya kazi utasoma kwamba wanatafuta mtu «anayeweza kutumika chini ya pression». Mimi niliandika haya matangazo kwa mkono wangu, tulikuwa na mfano mmoja tunabadilisha tu jina la kazi: shofa, mhasibu, mpishi, injinia, wote chini ya pression. Kwa nini mpishi atumike chini ya pression? Hakuna aliyeuliza. Neno linafikiriwa kama tabia nzuri ya mtu, sawa vile kusema anajua Kiingereza. Lakini pression si tabia ya mtu. Pression ina mahali inatokea. Ilitokea hivi: client anatuma email saa za mwisho siku ya tano, anataka watu kumi na tano wa kuanza siku ya kwanza. Angeweza kutuma wiki mbili mbele. Hatumi, kwa sababu kuchelewa kwake hakumgharimu kitu, kunagharimu siku yetu ya posho. Kwa hiyo tangazo linalosema «chini ya pression» lingeandikwa kwa ukweli hivi: «Hapa tunapanga vibaya, na wewe njo utalipa.»

Neno la tatu ni «opportunité». Nafasi. Mwenzangu mwingine alimaliza miezi sita ya essai. Alipongezwa mbele ya watu wote, tukapiga makofi. Kisha akaambiwa: tunakupa opportunité, unaacha kuwa assistant, unakuwa chargé. Kontra mpya, na mu kontra mpya, essai mpya ya miezi sita. Kazi ileile, meza ileile, mshahara uliongezeka dola ishirini. Yeye alifurahi, na mimi siwezi kumulaumu: nyumbani walisikia «chargé» na wakashukuru Mungu. Lakini opportunité yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa kubaki mwaka mzima mtu wa kujaribiwa. Neno zuri lilifunika jambo ambalo, likisemwa kwa jina lake, kila mwanafunzi wa droit angelikataa.

Neno la nne linatoka ku midomo yetu wenyewe, si ya bosi: «kuvumilia». Vumilia tu, mama. Vumilia, papa, kazi ni ngumu kupata. Njo ushauri nilipewa na kila mtu, ku nyumba, ku kanisa, mu bisi. Ni neno la heshima mu lugha yetu, nami silikatai. Mkulima anavumilia: anapanda mahindi mwezi wa kumi na moja, anangoja mpaka mwezi wa tatu, wa ine. Lakini yeye anavumilia kwa sababu mahindi yanaota. Kila wiki anaenda shambani anaangalia majani. Kama wiki ya tatu hakuna kitu kimetoka ku udongo, hamwambii mtu «ninavumilia». Anafukua mbegu aone kama imeoza. Kuvumilia bila kuangalia kama kitu kinaota ni kusahau shamba.

Sasa rudisheni haya maneno manne mbele ya ile sentensi ya mwanzo. Famille: usihesabu saa zako, kwa sababu kuko bengi inje. Pression: ukichoka sema tu, kuko bengi inje. Opportunité: chukua essai ya pili, kuko bengi inje wanaoitamani. Vumilia: kuko bengi inje. Maneno manne ya Kifaransa na Kiswahili, maana moja.

Kuko jambo lingine nililiona, la lugha. Mu ile biro, tathmini yetu ya kila mwezi ilifanywa kwa Kifaransa: «points forts», «axes d'amélioration», yote ya adabu. Hakuna hata siku moja «kuko bengi inje» iliandikwa mu karatasi. Ilisemwa kwa Kiswahili tu, ku korido, kwa sauti ya mzaha. Kwa hiyo mtu wa nje akisoma karatasi za ajansi ataona nyumba nzuri. Na sisi tuliokuwa ndani, tukiulizwa kwa Kifaransa tulijibu «l'ambiance est bonne», kisha jikoni tukasema ukweli. Ukitaka kujua nyumba fulani ya kazi inaishi namna gani, usiulize wafanyakazi wake kwa lugha ya tathmini. Uliza kwa lugha ya jikoni.

Mtu ataniuliza: lakini si ni kweli? Kuko bengi inje, ndiyo ama hapana? Ndiyo, ni kweli. Kwa tangazo moja la kazi ya magazinier tulipokea bahasha na email mpaka tukaacha kuhesabu. Sikatai hesabu. Ninachokataa ni kufikiri kwamba hesabu ile inatoka mbinguni na kwamba inalazimisha bosi kusema vile. Historia yetu wenyewe inaonyesha kinyume.

Ajansi ya kuajiri si kitu kipya Katanga. Union Minière iliundwa 1906, na mwaka 1910 Wabelgiji waliunda Bourse du Travail du Katanga. Kazi yake ilikuwa kutafuta wanaume mu vijiji, mbali, na kuwaleta ku migodi na ku makampuni mengine. Machifu walisukumwa kutoa watu. Safari ilikuwa ndefu, magonjwa yaliua wengi, na wengine walikimbia mbele ya kumaliza kontra. Wakati ule hakukuwa wengi nje. Kila mtu aliyefika aligharimu pesa, na akifa ama akikimbia, pesa ilipotea. Basi kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ikabadilisha namna: kontra za miaka mitatu, nyumba ya kuishi na mke, chakula, hospitali, kisha shule za watoto. Haikuwa mapendo. Ilikuwa hesabu, na tena ilikuwa njia ya kuchunga watu kila saa mu makambi. Lakini kutoka ile hesabu njo wazee wetu walianza kusema kwamba Union Minière, na nyuma yake Gécamines, ni baba na mama.

Munaona? Neno «famille» lilikuwa kazini hata zamani. Tofauti ni hii: zamani ile famille ya uongo ilitoa angalau nyumba na unga, kwa sababu kupata mtu mwingine kuligharimu sana. Kisha Gécamines ikaanguka, na kuanzia 2003 zaidi ya watu 10,000 walitoka mu mpango wa «départ volontaire» uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Wengi wetu tulikulia mu nyumba za hao wazee. Leo kupata mtu mwingine kunagharimu simu moja. Famille imebaki ku mdomo, unga umeondoka.

Mu kazi yangu ya agronomi hili jambo linajulikana. Mahali pori ni kubwa, hakuna anayetia mbolea. Unakata miti, unachoma, unalima miaka miwili ama mitatu, udongo ukichoka unaenda mbele. Kwa nini uangalie shamba la nyuma na pori iko mingi? Njo namna miombo iliyozunguka Lubumbashi ilikwisha, kwa mashamba na kwa makala, na leo magunia ya makala yanatoka mbali sana ku barabara. Kila mkataji alisema kuko pori mingi mbele, na kila mmoja alikuwa na haki siku ile aliyosema. Ajansi inafanya wafanyakazi wake vilevile. Inawatumia miaka miwili, wanachoka, inachukua wengine. Lakini kuko kitu inapoteza na haikiandiki mu Excel. Yule dada wa droit aliyefukuzwa alikuwa anajua kwa kichwa shofa gani anaweza kuaminiwa na gari ya watu usiku, client gani anaficha ajali, mpishi gani ana ugonjwa wa mgongo asipelekwe ku kantini kubwa. Aliyemfuata hakujua. Ndani ya miezi miwili tuliona makosa ambayo zamani hayakuwa.

Nataka pia kuwa na haki kwa mabosi wa ajansi, kwa sababu tukimaliza kwa kusema «bosi ni mubaya» hatujasema kitu. Niliona mkurugenzi wetu ku simu na client mkubwa. Client alikuwa hajalipa faktire ya miezi miwili, na ajansi ilikuwa lazima ilipe mishahara ya watu walioko ku mugodi mwisho wa mwezi. Mkurugenzi aliomba kwa sauti ya chini. Unajua client alijibu nini? Kwa Kifaransa kizuri alisema kwamba ajansi hazikosekani Lubumbashi. Ni sentensi ileile! Kuko bengi inje, lakini sasa wanaohesabiwa ni ajansi. Mkurugenzi alifunga simu, akatoka mu biro yake, na ndani ya nusu saa alikuwa amesema sentensi kwetu. Nasi, nisiache hii, tuliisema kwa watu wa mlangoni. Zamu wa ku poti naye aliisema, na aliyempa franga kidogo aliona dosie yake inapanda juu. Sentensi inashuka kama maji kutoka juu ya mlima, na kila mmoja anaipitisha kwa aliye chini yake.

Na aliye chini kabisa, mtu wa ku mugodi, yeye anapotea katikati. Alikuwa anakuja ku biro yetu na swali moja: «Pesa yangu iko wapi?» Ku mugodi walimwambia: «Sisi hatujue, wende ku ajansi.» Ku ajansi tulipewa amri ya kumjibu: «Client hayalipa.» Papa mmoja wa miaka hamsini na kitu alinitazama akaniuliza kwa utulivu: «Mama, basi patron yangu njo nani?» Nilimpa jibu la biro. Kwa maoni yangu lile ni swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa mu ile nyumba, na maneno yote manne niliyoyasoma hapo juu yako pale kwa kulizuia lisiulizwe. Mu famille hakuna patron, kuko baba tu. Mu pression hakuna patron, kuko haraka tu. Mu opportunité hakuna patron, kuko bahati yako tu. Mu kuvumilia hakuna patron, kuko Mungu tu.

Sheria, yenyewe, inajua patron ni nani. Watu wa agronomi hatufundishwi Code du travail, na nafikiri ni makosa ya fakilte zote isipokuwa droit. Code yetu ni ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, ikarekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Nilipoisoma niliona kwamba mambo mengi tuliyofikiri ni «tabia ya nyumba» yana jibu ndani. Article 43 inasema essai iandikwe, na isipite mwezi mmoja kwa manœuvre asiye na ufundi, miezi sita kwa wengine. Article 42 inasema mtu akiajiriwa kwa kazi ya kudumu ya sosiete, kontra yake iwe ya muda usio na mwisho. Article 44 inasema kama hakuna karatasi, kontra inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka ionyeshwe kinyume: maana yake, bosi anayekunyima karatasi anafikiri amejilinda, kumbe sheria iko upande wako. Na article 40 inamsemea hata mtu wa kazi ya siku kwa siku: akishatumika siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, anahesabiwa kuwa ameajiriwa kwa muda usio na mwisho.

Kuko pia sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 juu ya sous-traitance, ile iliyoleta ARSP. Watu wengi wanaisifu, na kweli ina faida: inaweka kazi za sous-traitance kwa sosiete zenye mtaji wa Wakongomani. Lakini swali lake kubwa ni sosiete ni ya nani. Swali la yule papa lilikuwa lingine. Mtu anaweza kufukuzwa kwa WhatsApp na sosiete ya Mkongomani asilimia mia, na haitamuma kidogo zaidi. Tusikubali bendera ijibu mahali pa kontra.

Najua mutaniambia: yaya, sheria ni karatasi, ukienda ku inspection du travail kesho uko nje, na kuko bengi. Ni kweli kwamba mtu mmoja akiongea peke yake anaumia. Lakini angalieni ile sentensi ina nguvu kwa sababu gani. Ina nguvu kwa sababu wa ndani na wa nje hawaongei. Mimi niliyekuwa mezani na yule wa mlangoni tulisoma pamoja Kasapa! Tulikaa ku banki moja, tukala mikate ya karanga pamoja, na leo kila mmoja anatumiwa kumtisha mwenzake. Wa nje hajui kwamba ile nafasi anayoingojea ni essai ya pili ya mtu mwingine. Hajui mshahara, kwa sababu wa ndani anaona haya kuutaja. Hajui kwamba nafasi ileile imebadilisha watu wane ndani ya mwaka. Angejua, angeuliza. Na kama watatu waliofuatana wangeuliza swali lilelile siku ya entretien, neno «famille» lingekosa kazi.

Kwa hiyo ninawaomba mambo madogo, yasiyohitaji ujasiri mkubwa. Mbele ya kusaini, uliza maswali mane, kwa adabu, na uandike majibu. Mwajiri wangu mu karatasi ni nani, ajansi ama ule anayenipa amri? Essai ni ya muda gani, na aliyekuwa mu hii nafasi mbele yangu aliondoka kwa sababu gani? Namba yangu ya CNSS nitaipata lini? Client asipolipa, mshahara wangu unatoka wapi? Hakuna swali la matusi pale. Nyumba ya kazi iliyo sawa itajibu ndani ya dakika tano, na ziko, si zote zimeoza. Itakayokasirika imekujibu pia.

Na sisi wa hii association yetu, tukiulizwa na wadogo wetu juu ya mahali tulitumika, tuache kujibu «ambiance ni muzuri» ama «bosi ni mubaya». Tuseme mambo yanayohesabika: kontra ya namna gani, essai ya muda gani, mshahara ulifika tarehe ngapi, watu wangapi walibadilika, mtu akifukuzwa anaambiwa namna gani. Njo namna tunasema juu ya shamba: hatusemi ni zuri ama baya, tunasema mvua, udongo, mbegu, mavuno.

Kuko bengi inje, ndiyo. Lakini hao bengi ni sisi. Siku tutaanza kuambiana ukweli pale mlangoni, yule anayeonyesha mlango kwa kidevu atakuwa anaonyesha watu wanaojua mbele yake yote anayotaka kuwaficha.